Siku steringi alipokufa sebuleni kwetu

Wali uliungua siku ile na hakuna aliyeinuka. Tulikuwa watu 11 sebuleni kwa mama, Tanga, wengine kwenye makochi wengine mkekani, na jirani mmoja kasimama mlangoni na ndoo yake ya maji, alikuwa anapita tu ati, na huko kupita kwenyewe kumeshafika nusu saa. Kwenye TV, tamthilia ya Kituruki ya Sultan, Mustafa mtoto wa Sultan anaingia kwenye hema la baba yake. Hatujui kama baba yake yuko nyuma ya pazia, yaani tunajua, kamera imeshatuonyesha, ila tunajifanya hatujui. Wale wauaji wakamvamia, akapambana nao, mama akawa anapiga makofi, "ee! mpe huyo! mpe!", na mi nakumbuka vizuri kabisa akasema kwa sauti ya mtu anayewakumbusha watoto sheria ya nyumba, "Hafi huyu. Steringi hafi."

Akafa.

Kimya. Harufu ya wali imejaa nyumba nzima. Yule wa ndoo akasema "Innalillahi", akaitua ndoo, akakaa.

Kama hukukulia uswahilini miaka ya 90 kuja 2000 huenda hiyo sheria huijui uzito wake, ngoja nieleze kidogo. Kibanda umiza ilikuwa ni banda la mabati, mabenchi, deki ya mikanda na TV moja iliyowekwa juu kama vile iko mimbarini, kiingilio shilingi 50, ukiwa huna unachungulia kwenye tundu la msumari mpaka ufukuzwe. Kila picha ina steringi, yaani mhusika mkuu wa kushangiliwa, na kila picha ina adui. Ukiingia umechelewa huulizi picha inahusu nini, unauliza "steringi yupi?", ukishaonyeshwa umemaliza, unajua nani wa kumlilia na nani wa kumzomea. Steringi mwanzoni anapigwa sana, wanamuulia mwalimu wake, anaenda mlimani kufanya mazoezi ya ajabu ajabu, anarudi, na adui anakufa dakika za mwisho kifo kirefu cha kutambaa. Steringi akifa watu walikuwa wanadai hela yao, sitanii, niliwahi kuona mwenye banda anarudisha.

Alafu akaja Lufufu, yule wa kutafsiri picha kwa Kiswahili, sauti yake imekaa juu ya picha mwanzo mwisho (Kenya wana DJ Afro, kila mtu na wa kwao). Hapo hata kuuliza tukaacha, maana unaambiwa kabisa huyu ndo wetu na yule muangalieni sana. Mtafsiri kwetu sisi alikuwa na kazi ya hakimu pia.

Nayasema haya kwa sababu binamu yangu kaniudhi. Nilimpa Breaking Bad, tamthilia ya Kimarekani, aangalie, akaishia katikati, akanitumia voisi noti ya dakika moja ambayo kwa ufupi anasema tamthilia isiyo na mtu mwema ni kumaliza bando bure, "sasa nimpende nani humu? kila mtu takataka!" Nikaanza kumjibu, nikajikuta voisi noti yangu imefika dakika saba na bado sijafika kwenye hoja, nikaifuta. Hii ndo jibu lake.

Tuanze na Sultan, maana hiyo tuliiona wote.

Jina lake Kituruki ni Muhteşem Yüzyıl, ilianza kurushwa huko kwao 2011 ikaisha 2014, epsodi 139, na sisi tukaipata kwa hisani ya Azam TV ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, tukaiita Sultan basi. Binti anaitwa Alexandra anachukuliwa utumwani, anaingizwa kwenye jumba la Sultan Suleiman pale Istanbul, anapewa jina Hürrem, anampata Sultan, anazaa naye, anamfukuzia mbali kila anayemsogelea. Ukimpa mtu wa kibanda umiza hiyo mwanzo mwanzo atakwambia moja kwa moja, steringi ni Hürrem. Kaonewa, kauzwa, hana kwao, kapigwa na Mahidevran (mama yake Mustafa, aliyemtangulia kwa Sultan) mpaka uso hautamaniki, na baadae Mahidevran huyo huyo akamtilia sumu kwenye chakula. Adui tumempata. Kaa utulie.

Sasa songa mbele. Hürrem anaanza kushinda, na kila anavyoshinda anakuwa mwingine. Ibrahim Pasha, rafiki wa Sultan tangu ujana, anaondolewa duniani. Na mwisho huyo Mustafa, kijana ambaye ndani ya hiyo tamthilia nzima hakumkosea mtu, anachongewa kwa baba yake kwamba anataka kumpindua, na anayechonga ni kambi ya steringi wetu. Kwa hiyo unamuona mama yangu anapiga makofi kwenye TV kumtetea kijana anayeuawa na mtu ambaye mwanzoni tulikuwa tunamlilia kwenye makochi hayo hayo.

Na hapo sebuleni kwetu pakagawanyika. Mama yangu ni mke mkubwa. Sitaeleza sana, marehemu baba alikuwa na nyumba mbili na wanaojua wanajua. Mama alikuwa na Mahidevran tangu siku ya kwanza, alikuwa haoni kabisa yale makosa yake, ile sumu kwake ilikuwa "hasira tu". Jirani yetu, mke mdogo wa mzee wa mashine ya kusaga, yeye ni Hürrem damu damu. Walikuwa wanakaa kochi moja, mama kulia yeye kushoto, na nakwambia hawa watu walikuwa wanaambiana kupitia Waturuki mambo ambayo wasingeambiana hata kwenye kikao cha wazee. "Wenye nyumba zao huwa wanajiamini sana." "Ee, na wavamizi nao hawalali." Sisi watoto tunaangalia TV, tunawaangalia wao, hatujui ipi tamthilia.

Ndo maana namwambia binamu, swali la nimpende nani hatukuwahi kulijibu na wala halikutuzuia kukaa pale kila usiku, wengine kifurushi kimeisha kwao wanakuja na viti vyao.

Kilichotukalisha, nilikuja kukielewa siku nyingi baadae, ni ile sheria yao ya kurithi kiti. Kwenye dola ya Othmania tangu enzi za Mehmed wa Pili, aliyeiteka Istanbul 1453, ilihalalishwa kwamba anayekalia kiti anaweza kuwaua ndugu zake ili dola isigawanyike. Basi hapo piga hesabu. Mustafa akiwa Sultan, watoto wa Hürrem wanakufa. Mtoto wa Hürrem akiwa Sultan, Mustafa anakufa. Hakuna njia ya tatu. Wanawake wawili, kila mmoja anataka mwanae aamke kesho, na uhai wa mwanae ni kaburi la mwana wa mwenzie. Sasa hapo adui ni nani we binamu? Mi nimejaribu kumpata nimeshindwa, na sidhani kama walioandika walitaka tumpate. Na ukitaka kuumia zaidi, kwenye historia yenyewe Hürrem alifariki 1558, na baada yake watoto wake mwenyewe, Selim na Bayezid, wakapigana, Bayezid akauawa na wanae 1561. Kile alichokuwa anakikimbia kikaja kumkuta nyumbani kwake, yeye kashazikwa.

Huko Uturuki ile epsodi ya hema iliporushwa, Februari 2014, watu walimiminika kwenye kaburi la Mustafa kule Bursa kumwombea. Mtu aliyekufa 1553! Kwa hiyo mama yangu na wali wake hakuwa peke yake.

Haya, Breaking Bad.

Walter White ni mwalimu wa kemia Albuquerque, New Mexico, miaka 50, jioni ana kazi ya pili kwenye kuosha magari, na kuna mahali anasugua matairi ya gari la mwanafunzi wake. Mwalimu yeyote wa Bongo anayeuza ubuyu darasani au anayepiga bodaboda baada ya vipindi anaelewa hapo bila kutafsiriwa. Anaambiwa ana kansa ya mapafu, anaanza kupika meth, dawa ya kulevya, ili aiachie familia kitu. Ilianza Januari 2008 ikaisha Septemba 2013, epsodi 62, na safari nzima ni mtu mmoja kutoka kwenye huruma yako mpaka mahali ambapo hutaki hata akusalimie.

Nina kisa kimoja kuhusu utengenezaji wake nakipenda sana. Mabosi wa AMC, kituo cha TV kilichoirusha, walikuwa hawamtaki Bryan Cranston aliyemcheza Walter, walimzoea kama yule baba mchekeshaji wa kwenye komedi. Vince Gilligan, mtunzi, akawatolea epsodi ya tamthilia ya X-Files ya 1998 aliyoiandika yeye, Cranston kacheza mle mtu wa hovyo kweli, mbaguzi, mdomo mchafu, na bado ikifika mwisho unamhurumia. Hicho ndo alichokuwa anakitafuta. Aliyekuwa anamtaka ni muigizaji ambaye hata ukimchukia huwezi kuondoa jicho, na hicho na kupendeka ni vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku.

Sasa mi naungama. Niliiangalia kwenye simu, earphone masikioni, daladala la kutoka Tegeta, na niliifikia ile sehemu ya Jane sizoni ya pili. Jane ni mpenzi wa yule kijana anayepika na Walter, anamtishia Walter atamsema asipotoa hela ya kijana. Wamelala wamelewa dawa, Jane anaanza kutapika kalala chali, anapaliwa, Walter kasimama pale. Mkono wake unaanza kwenda alafu unarudi. Anamwangalia tu mpaka anakufa. Na mi ndani ya daladala, jamani, sekunde kama tano za mwanzo, niliona ahueni. Nikasema afadhali. Steringi wangu kapona. Alafu ndo nikajisikia nimesema nini. Nilitakiwa kushuka Mwenge, nikajikuta Makumbusho.

Adui wa kibanda umiza hajawahi kunifanyia hivyo hata siku moja. Yule unamzomea unarudi nyumbani msafi.

Na kuna Skyler, mke wa Walter. Nilimchukia huyo mwanamke! Kila akitokea mi naona anaziba njia, anauliza maswali, ulikuwa wapi, hii simu ya pili ya nani. Na nilikuwa na wenzangu wengi, maana Anna Gunn aliyemcheza ilibidi aandike makala kwenye New York Times Agosti 2013 kuhusu chuki aliyokuwa anaipata, ikafikia watu wanamchukia yeye mwenyewe na siyo mhusika. Anachokosea Skyler ni kwamba hapendi mumewe awe muuza unga. Hilo tu. Ila kwa sababu tumeshaambiwa steringi ni Walter, yeyote anayemzuia tunamuweka kwenye benchi la adui.

Nilikuja kumuelewa kupitia mamdogo wangu. Udogoni tulimpenda sana mume wake, baba mdogo soda, baba mdogo Raskazone kuogelea, na mamdogo tukamuona mkali, mtu wa kuhesabu chenji na kupekua mifuko ya suruali kabla ya kufua. Baadae sana, nishakuwa mtu mzima, mamdogo kanikalisha jikoni anachambua mchele, ananieleza kwamba hati ya nyumba ilikuwa imewekwa rehani bila yeye kujua, na alijua kwa karatasi moja aliyoikuta mfukoni, imekunjwa mara nne imeloa jasho. Zile soda zetu zilikuwa zinatoka humo. Anaongea huku anachambua, hainui kichwa. Nilirudi nikaiangalia Breaking Bad upya na nikaona vitu ambavyo vilikuwepo tangu mwanzo: kwenye sizoni ya kwanza kabisa, epsodi ya tano, marafiki zake wa zamani wenye hela wanajitolea kumlipia matibabu yote. Anakataa. Kwa kiburi tu. Kwa hiyo ile ya "nafanya kwa ajili ya familia" ilishakufa mapema, na epsodi ya mwisho anakuja kumwambia mkewe mwenyewe kwamba alifanya kwa ajili yake, aliipenda kazi ile. Mi nilihitaji miaka mitano yote na mamdogo kuliona.

Hata hao wenye pesa zao kule Marekani waliogopa mwanzoni, usidhani wamezaliwa na ujasiri. Tamthilia ya The Sopranos, 1999, epsodi ya tano, Tony, steringi ambaye ni bosi wa mafia, anampeleka binti yake kutafuta chuo, njiani anamuona mtu aliyewahi kuwasaliti, anamnyonga yeye mwenyewe. Bosi wa HBO, kituo kilichoirusha, akaingia hofu kwamba watazamaji watamkimbia. David Chase, mtunzi wake, akashikilia, ila akakubali kuongeza kidogo tuone kwamba na yule msaliti naye alikuwa anapanga mabaya. Yaani walitafutiana kiubavu kidogo cha adui. Watazamaji hawakuondoka, ikaenda mpaka 2007.

The Wire, tamthilia nyingine ya huko huko, sitaisema sana maana nikianza sinyamazi. Nitasema tu kwamba Omar, yule anayewaibia wauza unga kule Baltimore, mtu ambaye watoto wakimuona wanakimbia wakitangaza jina lake, anakufa dukani ananunua sigara, kapigwa risasi na mtoto mdogo. Bila muziki. Mwenye banda angerudisha hela ya watu wote.

Na nisieleweke kwamba haya ni mambo ya Wamarekani wametufundisha. Sungura ni nani? Mwizi wa asali, muongo, anamuuza rafiki yake Fisi bila kupepesa, anakunywa maji ya kisima alichogoma kuchimba, na hakuna mtoto wa pwani aliyewahi kulala akimuombea Sungura akamatwe. Abunuwasi naye vile vile, tapeli kabisa. Bibi hakuwa anatuambia "sungura ni mhusika mwenye utata". Alikuwa anasema "paukwa".

Ila binamu nitakupa haki yako, adui wa wazi ana kazi yake na wanaomdharau hawajawahi kuangalia TV na watu wengi. Isidingo ilivyokuwa ITV, ile ya Afrika Kusini, nyie mnamkumbuka Cherel? Michelle Botes alivyokuwa anaingia chumbani, anatabasamu kwanza? Yule alikuwa adui hana mjadala na tulimsubiri kama anavyosubiriwa mgeni mwenye zawadi. Siku Cherel hayupo epsodi haina chumvi. Kwenye nyumba ambayo mtu anatoka anaingia, mmoja yuko jikoni, luku inakata katikati, adui wa wazi ni mwenyeji mzuri, ukirudi tu kutoka kununua umeme unamuona usoni unajua tulipofika. Walter White hawezi hiyo kazi, yeye anataka earphone na daladala.

Lakini hata Cherel alikuwa anataka kitu. Na hapo ndo ugomvi wangu na tamthilia zetu nyingi za siku hizi, maadui wetu hawataki kitu. Mama mkwe anacheka peke yake dirishani, muziki unapigwa, anataka nini? Hatuambiwi. Anamchukia mkwe tu tangu epsodi ya kwanza mpaka ya 200. Nafahamu wanarekodi haraka haraka, epsodi nyingi kwa wiki, adui wa kuchekea dirishani ni rahisi kumuandika kuliko mwenye sababu. Ila mama mkwe halisi namjua mimi, nina mmoja, ana sababu, na sababu zake nyingine ni za kweli ndo maana zinaniuma. Mkosi mwingine ni ile mitamthilia ya upande wa pili inayodhani ukimfanya kila mtu awe na dharau na tajiri basi umeandika kitu kizito. Hao nao hawataki kitu. Nawaacha epsodi ya pili.

Kuna jambo moja limenikaa kichwani tangu nilijue. Radio Tanzania ilikuwa na mchezo wa Twende na Wakati, ulianza 1993, mara mbili kwa wiki, wa kufundisha uzazi wa mpango na ukimwi. Wakubwa mtamkumbuka Mkwaju, dereva wa malori, kila kituo ana mwanamke, na mkewe Tunu anahangaika nyumbani. Mkwaju ni adui wa makusudi kabisa, aliandikwa umuone umkimbie. Ule mtindo ulitoka kwa Mmeksiko mmoja, Miguel Sabido, mtu wa tamthilia za TV, na ndani yake kuna watu wa aina tatu: mwema, mbaya, na wa katikati ambaye anayumba, leo huku kesho kule. Mzigo wa hadithi Sabido aliuweka kwa huyu wa katikati, kwa sababu msikilizaji hajioni kwa mwema wala kwa mbaya. Yaani mchezo wa kufundisha, wa serikali, wa kuhubiri kabisa, na bado hawakuuegemeza kwa wa kupendwa wala kwa wa kuzomewa.

Huyo wa kuyumba ndo mi na Skyler, mi na Jane. Binamu umeelewa lakini?

Kesho yake baada ya Mustafa kufa, asubuhi ya saa nne hivi, yule jirani yetu mke mdogo alikuja na hotpot. Wali wa nazi, na kisamvu pembeni. Alisema tu "Jana nilisikia harufu, nikajua mmelala na njaa." Walikuwa hawajaongea tangu usiku, maana Mustafa alipokufa yeye alijikohoza tu akaondoka, na mama alikihesabu kile kikohozi. Mama akaipokea hotpot kwa mikono miwili, akaifunua, akaiangalia, akainusa kwa muda ambao ulikuwa mrefu kuliko adabu.

"Huu hauna sumu?"

"Ah, dada," jirani akavua kandambili akaingia ndani, "si nyie ndo mlianza."